Jina la Mama Kwenye Seva

Mdogo wangu Ecweru ni fundi wa kompyuta, na kwa kazi yake sina la kumkosoa. Asubuhi ile alitoka hapa Osukuru akipiga mluzi, akaenda Mulanda kufunga seva kwenye zahanati ya mtu binafsi, ili habari za wagonjwa zikae mahali pamoja. Nyumbani alimwacha mkewe Amulen na kichanga cha kike ambacho hakijapewa jina.

Ukoo wetu haubandiki jina ovyo. Shangazi anachovya kidole kwenye pombe ya wimbi, anamtia mtoto mdomoni huku akitaja marehemu mmoja mmoja. Jina litakalomfanya mtoto anyonye, ndilo lake. Shangazi ni mimi, na sote tulikuwa tunalingoja jina moja: Aanyu, mama yetu.

Mchana Ecweru alinipigia simu akicheka. Mfumo wa Linux uliingia vizuri, hifadhidata nayo ikaingia, lakini kila alipoiwasha seva, ilizimika. Alibadilisha mipangilio, akaipa majina ya kila aina, wapi. Mwisho, kwa utani, akaiita Aanyu.

"Dada, imenyonya mara moja."

"Hiyo jina ni ya mtoto. Toa."

Akaniambia ni mashine tu, niache ushamba. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jioni nilichovya kidole, nikataja Aanyu. Mtoto alifumba mdomo. Nikataja mengine yote, akageuza uso. Tangu hapo akakataa hata titi la mama yake. Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa. Walimlisha kwa mpira, akatapika.

Mtoto alipoanza kulegea nilimfuata Ecweru hadi Mulanda, alikokuwa bado anamalizia kazi. Nilisimama nyuma yake mpaka akalifuta lile jina. Hapo hapo simu yangu ikalia. Alikuwa Amulen, akinong'ona kama mtu anayeogopa kusikiwa.

"Ameshika. Ananyonya."

Nililia kwa furaha. Ecweru hakuniangalia. Alikuwa anatazama skrini. Seva ilikuwa imezimika.

Mwenye zahanati akaja mlangoni, akauliza kwa nini kazi imesimama. Ecweru alinitazama, akaitazama mashine. Akaandika jina la Mama tena.

Mashine ikawaka. Simu ikalia. Sikuipokea. Nilijua.

Aliniambia nitangulie nyumbani, kesho atatafuta njia nyingine. Kesho yake tulikuwa tunachimba kaburi. Tulimzika mtoto bila jina. Sijamsamehe Ecweru, na padri asinisumbue.

Baada ya matanga, zahanati walimwita. Seva inafanya kazi vizuri, walisema, ila chumba kinanuka. Tulikwenda sote watatu, maana Amulen alikataa kubaki.

Ecweru alichomoa waya ukutani, akafungua kifuniko. Ndani, chini ya feni, kulikuwa na maziwa. Meupe. Ya vuguvugu. Waya ulikuwa mkononi mwake, na feni bado inazunguka.

Amulen aligusa, akaonja.

"Ni yangu," alinong'ona.

Akaketi sakafuni kando ya ile mashine, akaanza kufungua vifungo vya blauzi.