Jina Lililofunikwa Gazeti

Maneno yalianza kwa Somoe, mkaanga chapati wa pale Mikocheni, jirani na karakana ya Gibson. Alimwambia Mama Eli kwa sauti ya chini, huku anageuza chapati, kwamba wasichana wanaojifunza pale hawamalizi mwezi wa tatu. Kinachowapata hakusema. Mama Eli akarudi nayo Temeke, akalala nayo, akaamka nayo. Binti yake Eliaichi alikuwa ndiyo kwanza ameingia mwezi wa tatu.

Gibson alichapa kadi kwa mashine ya zamani ya kukanyaga kwa mguu, ya herufi za madini ya risasi zinazopangwa moja moja kwa mkono. Wenye harusi za Msasani walizipenda, maana maandishi yanazama kwenye karatasi, ukipapasa unayasikia. Alimfundisha Eliaichi bure. Kisha akampenda, au alisema hivyo. Sasa binti alitaka kuiacha nafasi yake ya chuo cha uuguzi Moshi, na mwisho wa kuripoti ulikuwa Ijumaa.

— Mama, tunatengeneza kadi yetu, alisema Jumatatu wakila. Mistari yote nimepanga mie. Limebaki jina langu tu, anasema atalipanga mwenyewe, zawadi.

— Na kwetu anakuja lini kujitambulisha?

— Kadi zikikamilika.

— Kadi kwanza, wazazi baadaye. Umeona wapi? Na Somoe anasema waliokutangulia pale hawamalizi mwezi wa tatu.

Eliaichi alicheka. Akatoa mkobani herufi chache za mazoezi, akamwonyesha mama yake: zinakaa kichwa chini, unasoma kushoto kwenda kulia kama kawaida, ila mpaka macho yakubali. Mama Eli, darasa la saba la zamani, akasoma E, akasoma L. Ilimchukua muda, lakini alifika. Halafu akamfukuza binti akanawe kabla ya kugusa tena ugali, maana risasi ni sumu.

Jumatano ikaingia meseji, Eliaichi akaisoma kwa majivuno: "Mpenzi wapigie chuo uwaambie huendi. Kesho wahi tuna kadi nyingi za Msasani. Nakupenda."

— Nitawapigia kesho jioni, alisema.

Mama Eli akaloweka maharage. Alhamisi mchana alifunga wali na maharage, akamfuata.

Karakana ilinuka wino na mafuta ya taa. Mashine ilifunguka ikafunga, ikafunguka ikafunga, na mkono wa mwanawe uliingia katikati kuweka karatasi, ukatoka chuma kikiwa karibu kubana. Mama Eli alishindwa kuangalia. Akageukia meza, akaona fremu ya herufi imefunikwa gazeti. Akalivuta.

— Shikamoo mama. Gibson alikuwa nyuma yake, anatabasamu. Hiyo usijisumbue mama yangu. Hata waliosoma haiwapandi mpaka ichapwe.

— Marahaba baba. Naangalia tu.

Simu ya Gibson ikaita, akaitazama, akatoka nje kuipokea. Mama Eli akaizunguka meza mpaka herufi zikakaa kichwa chini, kama zile za nyumbani. Baada ya jina la Gibson alitafuta E. Akakuta K. Akafuata O. Tena K. Alipofika U, akamgeukia binti yake.

— Eli, acha kukanyaga.

— Mama, nimebakiza kidogo.

— Njoo unisomee hapa. Labda mie nimekosea.

Eliaichi alikuja anacheka. Yeye alisoma mara moja tu, na kicheko kikaisha.

— Kokushubila, alisema taratibu. Mama, tarehe hii nimepanga mie. Ukumbi nimepanga mie.

Gibson akaingia.

— Eli, hiyo ni kazi ya mteja.

— Mteja naye anaitwa Gibson? Na baba yake naye ni Mzee Leodegar, kama wako?

— Ngoja nikueleze. Ni wazee wameng'ang'ania, mie moyo wangu—

— Walionitangulia walikuchapia bure miezi mingapi?

Gibson akaangalia mlango. Hakuna aliyemzuia, na hakuondoka.

Eliaichi hakulia. Aliinyanyua ile fremu kwa mikono miwili, akaifunga kwenye mashine badala ya ile ya Msasani, akapaka wino, akaweka karatasi moja. Akakanyaga. Chuma kikafunga, kikafunguka. Akaichukua kadi ikiwa mbichi, akampa.

— Kagua, mwalimu. Hakuna herufi niliyokosea.

Akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, mpaka kwenye viwiko, akachukua mkoba wake. Ijumaa alfajiri alipanda basi la Moshi, na alasiri akampigia mama yake kwamba ameripoti.

Nyie mabinti, na nyie wenye mabinti:

Msikubali mafunzo ya bure yasiyo na siku ya kumaliza.

Msile kwa mikono iliyoshika risasi.

Msiingize mkono kwenye mashine mkiwa na mawazo kwingine.

Msiache chuo kwa meseji.

Msikubali kadi itangulie kabla mwanaume hajafika nyumbani.

Msimwachie apange jina peke yake. Na kilichofunikwa gazeti msikipite, kifunueni.