Kitunga Kilichorudishwa Kitupu

Rafiki yangu Kyabu bado anaishi nyumba ile ile hapa Kamina, na ukimwambia ahame mtagombana.

Kila Jumamosi, Jamila wa sokoni humtumia mboga nyumbani kwa pikipiki. Jumamosi ile mvua ilitia giza mchana. Kyabu hakusikia pikipiki, alisikia "Odi!" moja tu, akakuta kitunga cha matembele mlangoni, hakina tone la maji.

Akampigia Jamila simu.

"Kitunga gani? Yako iko hapa kwangu, motard wa pikipiki anangojea mvula iishe."

Kwetu kitunga cha mtu hakirudishwi kitupu. Hutiwa walau chumvi. Kyabu alimwaga matembele matopeni, akakiacha kitunga nje kitupu, akafunga komeo.

"Minyi sikuomba kitu! Beba kitunga yako!" akampigia kelele aliyekileta, hata asimjue.

Nje, kucha zikaanza kukwaruza ndani ya kitunga, polepole, kama zinatafuta. Zikanyamaza. Kisha mkwaruzo ukaanza nyuma ya Kyabu, jikoni.

"Kamata chumvi, utoke!" Kyabu akafoka gizani. "Hii nyumba iko yangu!"

Akawasha taa ya simu. Komeo lilikuwa bado limefungwa. Kitunga kile alichokiacha nje kilikuwa mezani, na ndani yake konzi ya chumvi ya jikoni kwake iliyobanwa, yenye alama za vidole visivyo vyake.