Viatu Safi vya Bibi Colombe

Likizo ya Februari, kila asubuhi Raïssa alipanda treni kutoka Alby, mtaa wa kwao, akabadilisha mjini, akafika Hässelby, upande wa pili wa jiji, kwenye nyumba ya wazee alikoishi bibi yake. Bibi Colombe alikuwa dirishani daima, theluji ikishuka mbele yake taratibu. Alisimulia vilima vya Burundi kama mtu anayeota macho wazi, kisha aliuliza swali lilelile: "Mjukuu wangu, nje kunanukiaje siku hizi?"

Raïssa alishangaa. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilisema Bibi hutembezwa kila siku, na sahihi ilikuwa ya Tanti Wamaitha, yaani shangazi, kama Raïssa alivyomwita mhudumu huyo Mkenya aliyewapenda wote wawili.

Siku moja, akipanga kabati, alivigeuza viatu vya Bibi. Soli zilikuwa safi. Wakati wa baridi njia zote humwagiwa kokoto watu wasiteleze. Soli za viatu vya Raïssa mwenyewe zilikuwa zimejaa kokoto.

Siku hiyohiyo mkaguzi wa manispaa akatokea bila taarifa. Manispaa ndiyo iliyoikabidhi kampuni binafsi nyumba ile iiendeshe, nayo kampuni ikaahidi makubwa. Ahadi za karatasi tumelishwa miaka mingi. Hazijamshibisha mzee hata mmoja. Mkaguzi akasoma sahihi, akaridhika.

Raïssa akamtazama Tanti. Akisema, huenda Tanti akafukuzwa kazi. Akinyamaza, Bibi ataendelea kuuliza. Akaleta viatu.

"Havijakanyaga nje tangu kokoto zianze kumwagwa Novemba," alisema kwa Kiswidi, akimwonyesha mkaguzi soli.

Wamaitha akainamisha kichwa. "Mtoto asema kweli. Wazee kumi na wanane, wahudumu wawili. Meneja alituambia tutie sahihi tu."

Manispaa iliipa kampuni mwezi mmoja kuongeza wahudumu, ikaacha kupeleka wazee wapya pale. Mwezi ukaisha, kampuni ikaleta karatasi nyingine, nzuri zaidi. Ndipo manispaa ikavunja mkataba, nayo yenyewe ikaanza kuiendesha nyumba. Wahudumu wakawa watano, Wamaitha akiwemo.

Aprili Raïssa na Wamaitha walimtembeza Bibi kando ya ziwa, katika mwanga laini usio na haraka. Walipopumzika, Wamaitha alibandua kokoto kwenye soli ya Bibi, akamwekea Raïssa kiganjani.

"Sahihi ni ushahidi, mwanangu. Mimi niliogopa, nikashuhudia uongo, na aliyeumia ni bibi yako. Ukiona kosa, liseme, hata kama mkosaji ni mtu unayempenda."

Bibi alikuwa amefumba macho, akivuta pumzi ndefu.

"Majani mabichi," akasema. "Kumbe kunanukia majani mabichi."