Mama Mkwe Apata Watoto

Fundi wa nguo alikuwa na kuku watano, na mmoja wao alimwita Mama Mkwe. Kuku huyo alikuwa mweusi, mnene, na hakuna kitu kilichompendeza. Ukimpa pumba, anakutazama kwa jicho moja. Ukimsogelea, anavimba. Jina lile lilikuwa utani wa fundi na mumewe tu. Mama mkwe mwenyewe aliishi mbali, kwa hiyo hapakuwa na neno.

Basi Mama Mkwe akaingia kwenye kapu la vipande vya nguo, chini ya meza ya kukatia, akaatamia mayai. Wiki ya tatu ikafika, hataki kutoka. Nyumbani hapo hapakuwa na jogoo, kwa hiyo mayai yale yasingetoa kifaranga hata angeyalalia mwaka mzima. Fundi akamwonea huruma. Akaenda sokoni, akanunua vifaranga sita wa siku moja. Safari hii alitaka wapone. Wale aliowanunua zamani walikufa kwa baridi ndani ya boksi, mmoja baada ya mwingine, naye alilia sana.

Asubuhi, mwanga umejaa chumbani, aliwapanga vifaranga mbele ya kapu kama mtu anayetambulisha wageni sebuleni.

"Wanao hawa," akamwambia kuku. "Huyu wa kwanza, huyu wa pili."

Mama Mkwe aliwatazama. Kisha akamdonoa wa kwanza kichwani mpaka damu ikatoka.

Fundi akamnyakua kifaranga yule. Hasira zikampanda.

"Mama mkwe, una roho gani wewe? Watoto wadogo wanakuja kwako, unawatoa damu?"

Mtu akakohoa mlangoni. Fundi akageuka. Alikuwa mama mkwe mwenyewe, ana mkoba mkononi. Nyuma yake alisimama mumewe fundi, anatazama dari.

"Shikamoo, mama," fundi akasema. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Marahaba. Endelea tu, mwanangu. Nataka kujua nina roho gani."

"Mama, ni jina la kuku tu," mume akasema.

"Wewe nyamaza. Nimekuzaa mimi, najua jina hilo limetoka wapi."

Mama akaweka mkoba chini, akachuchumaa. Akakitazama kichwa cha kifaranga.

"Huyu msafishe kwa maji safi ya vuguvugu. Akae na wenzake kwenye boksi, lakini umwangalie, maana kuku wakiona damu hudonoa. Weka na chupa ya maji ya moto, uifunge kitambaa, wapate joto. Halafu nikuambie kosa lako. Mtu hutambulishwa kwa macho. Kuku hutambulishwa kwa tumbo."

"Kwa tumbo vipi, mama?"

"Mchana anaona wageni wamekuja kumvamia. Subiri giza. Kuku gizani hupoa. Uwaingize chini yake polepole, na mayai uyatoe. Asubuhi akisikia sauti chini ya tumbo lake, atajua ameangua mwenyewe."

"Kuku yeyote atakubali?"

"Thubutu. Awe ameatamia wiki mbili au tatu kama huyu. Aliyeanza jana atawakataa. Na vifaranga wawe wa siku moja mpaka tatu. Wakizidi hapo, nao hawamtaki mama."

Jioni giza lilipoingia, fundi alipiga magoti mbele ya kapu. Alitoa yai, akaingiza kifaranga. Akatoa yai jingine, akaingiza mwingine. Mama Mkwe alinguruma kidogo, kisha akatulia. Yule mwenye jeraha aliachwa kwenye joto lake, akasubiri mpaka jeraha likauke.

Kulipopambazuka, fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Aliogopa hata kuchungulia. Kutoka kapuni alisikia sauti nzito ya upole, sauti ambayo kuku yule hakuwahi kuitoa. Kichwa kidogo cha manjano kikachomoza kwenye manyoya meusi. Fundi akafuta machozi kwa kipande cha nguo.

"Sasa niwatoe nje wakaonane na kuku wengine," akasema.

"Haraka ya nini?" mama akauliza. "Watauawa."

Usiku huo yule mwenye jeraha, lilipokuwa limekauka, naye akaingizwa chini ya kuku. Kisha mume akatumwa kuzungushia wavu pembe moja ya ua. Mama Mkwe na wanawe wakaishi humo, wanaonana na kuku wengine bila kuguswa. Maji yao yalikuwa kwenye kisahani chenye vijiwe, wasizame. Mama aliaga akaondoka, lakini maagizo yake yalifuatwa. Wiki kadhaa zikapita. Fundi akaweka chakula sehemu mbili, akaegemeza ubao ukutani ili mdogo akifukuzwa apate pa kujificha. Kisha akafungua wavu.

Kuku wa kijivu, mkorofi wa siku zote, akamfuata kifaranga mwenye kovu kichwani. Mama Mkwe akavimba mara mbili ya ukubwa wake. Yule wa kijivu akakumbuka ana shughuli upande wa pili wa ua.

Fundi akampigia mama simu palepale.

"Wote sita wazima, mama, na mama yao anawatetea. Na yule kuku nimemfutia lile jina. Nisamehe."

Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Mrudishie jina langu," akasema. "Mwanzo lilinikera. Sasa nalitaka."