Kifungu cha Tano cha Wosia wa Mama

"Chukua pete yako," nikamwambia.

"Utani gani huu hospitalini?"

"Nina sura ya utani mimi?"

Mchumba wangu, Fundi Friji, alikuwa amekuja mbio na ovaroli yake ya kazini. Mama alikuwa anaingia upasuaji wa moyo saa nane mchana, na asubuhi ile wakili alinisomea wosia wake. Nikampa Fundi karatasi asome mwenyewe kifungu cha tano: binti yangu ndiye mlezi wa kaka yake. Siku akiolewa, ulezi unakoma, nyumba inauzwa, kaka anapelekwa kituo cha kulelea walemavu.

Kaka huyo ndiye tunayemwita Bosi nyumbani. Ana miaka thelathini na moja, haongei, hawezi kuoga wala kuvuka barabara peke yake. Kituoni aliwahi kukaa siku tatu. Hakula hata tonge, tukamrudisha na dripu mkononi. Na bado Mama kaandika hivyo. Mimi msusi, mdomo wangu hauna breki, saluni nzima inajua, lakini siku hiyo nilichoweza ni kuvua pete tu.

"Tumwombe abadilishe."

"Nimemwomba, amekataa. Kwa hiyo siolewi."

"Miaka minne, halafu unaniacha kwenye korido?"

"Wewe nikikuacha utalia, utapona. Bosi nikimwacha atakufa. Unanielewa?"

Machozi yakamtoka. Nikajichukia. Jamani, nampenda yule mwanaume na grisi zake.

Hakubishana tena. Akaingia wodini, nami nyuma yake. Bosi alikuwa kakaa kitandani, kamlalia Mama begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kunibembeleza."

"Nimekuja kuuliza nimekukosea nini."

"Bado hujanikosea, mwanangu. Baba yao naye aliapa mbele ya watu. Bosi alipofika miaka mitatu hajasema neno, akahama na redio yake tu. Wewe ukimchoka Bosi, binti yangu atavutwa huku na huku mpaka achanike. Kituoni hapapendezi, lakini kituo hakimchoki mtu."

"Mama, atakufa kule!" nikasema.

"Punguza sauti, huu moyo wenyewe ni wa kuungaunga."

Simu yangu ikalia. Ujumbe wa wakili: "Niko kantini. Natoka baada ya nusu saa. Mama akishaingia ndani, wosia unabaki ulivyo."

Fundi akausoma. Akanirudishia simu.

"Mwiteni aje. Mama, mimi siapi."

"Sasa unataka nini?"

"Aniandike mlezi wa pili. Jina langu mimi, siyo mume wa fulani. Niwe nimemuoa au tumeachana, yeye akishindwa, Bosi ni wangu. Nyumba tusipewe sisi, iwe ya Bosi kuishi mpaka mwisho wake. Nikimtelekeza, nishtakiwe."

Mama akamkazia macho.

"Binti yangu akikufukuza, utakuja kumwogesha kaka yake?"

"Nitakuja."

"Kweli?"

"Nitakuwa nimenuna, Mama, lakini nitakuja."

Mama akacheka, kicheko kikageuka kilio. Wakili alipofika, akaandika wosia mpya kwa mkono, pale pale kitandani, maneno ya Fundi yakichukua nafasi ya kifungu cha tano.

"Nyinyi wawili mmetajwa humu, hamfai kuwa mashahidi. Niitieni wauguzi wawili."

Mama akasaini mbele yao. Wakamchukua kwenda upasuaji.

Hakutoka hai.

Wiki tatu baada ya mazishi nilikuwa kama kichaa. Bosi alikuwa anazunguka chumba hadi chumba akimtafuta, na mimi hasira zote nikammwagia Fundi. Nilimwambia kama asingemliza Mama siku ile, labda moyo ungehimili. Nikamwambia atoke, na asikanyage tena kwangu. Akatoka.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, mlango ukagongwa. Nikafungua. Fundi huyo, macho mekundu, taulo begani.

"Nilikwambia usije."

"Sijaja kwako," akasema. "Nimekuja kumwogesha Bosi. Nipishe."

Nikampisha. Kisha nikakaa chini pale pale mlangoni, nikalia, nikamwita jina lake, nikamwomba msamaha.