Jina la Qillaq

Saa nane mchana giza lilikuwa limeshaingia, kama kawaida ya Desemba huko kaskazini ya mbali, Tittus aliposhuka kwenye kibanda kinachoning'inia kwenye waya na kuvuka ghuba hadi mdomo wa mgodi wa risasi na zinki, juu jabalini. Alikuja kuchukua ncha za kekee za kutobolea mwamba tu.

"Usichelewe, baba mtoto!" Enok, mwendesha mtambo wa kibanda hicho, alinguruma redioni kutoka ng'ambo. "Nikichoka nazima, nakwenda zangu kunywa kahawa. Utarudi kwa mabawa."

Tittus alicheka. Jumapili mwanawe mchanga angebatizwa Qillaq, jina la kaka yake Tittus aliyepotea milimani tangu vuli. Kwao mtoto hupewa jina la marehemu, na marehemu akapumzika. Lakini mwili haukuonekana, na wazee waliguna. Wapo wanaokimbilia milimani kwa aibu, wakaacha kuwa watu bila kufa. Ikiwa Qillaq ni mmoja wao, walisema, wawili hawawezi kuishi kwa jina moja, mdogo atadhoofika.

Handakini palinuka baruti, kama siku zote.

Halafu... harufu ya ngozi mbichi ya sili, mnyama wa bahari ya barafu.

Ko. Ko. Ko. Kitu kiligonga mwamba.

Alimulika. Mtu alichuchumaa ukutani, kichwa kimeinama. Hana taa. Hana kofia ya chuma.

"Nani wewe?" Tittus alinong'ona.

"Mtoto mmemwitaje?"

Sauti ilikuwa kavu, kama ya mtu aliyesahau kuzungumza. Tittus alishuku utani wa wachimbaji, hawaishiwi vituko. Basi akajibu.

"Qillaq."

Maji yalidondoka...

"Hilo bado nalitumia, mdogo wangu."

Ncha alizokwisha kuchukua zilimponyoka. Alikimbilia kibandani, akavuka.

"Umevusha nani leo?" Tittus alimuuliza Enok, akihema.

"Fundi wa umeme, asubuhi." Enok alikwepa macho yake. "Nadhani... alisharudi."

Nyumbani, mkewe Ivaana alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Tubadili jina kwa sababu ya fundi wa umeme? Mume wangu, huyu akilia, nikimwita hivyo tu hunyamaza na kunigeukia. Tazama."

Akainamia kitanda kidogo.

"Qillaq?"

Mtoto hakutikisika. Macho yalikuwa wazi, yametulia, kama ya mtu anayesikia mwingine akiitwa.

"Qillaq?"

Nje, kwenye theluji, chini ya dirisha, mtu aliitika.

"Naam."