Mke Asiyeondoka

Abdulbasit wa bodaboda alikataa kumpakia. Hata mkoba hakuupokea. Alirudi nyuma hatua mbili, akamtazama Mwalimu Rosina kuanzia viatu vilivyojaa vumbi jeupe mpaka kichwani.

"Mwalimu, juzi si nilikupeleka mimi? Kijijini kwako Hewani, mpaka mlangoni. Saa sita mchana."

"Juzi nilikuwa Tanzania. Ndiyo kwanza nashuka basi."

"Wallahi nilikupeleka. Ulikaa nyuma kimya, hata salamu hukunipa. Nilipoingia shimo pale kwa mfereji hukushika kitu, nikadhani umeanguka. Kugeuka, upo." Akameza mate. "Na ulikuwa moto, mwalimu. Ona kiti changu."

Ngozi ya kiti ilikuwa imekunjamana kama nailoni iliyopigwa pasi. Rosina alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajalala kitandani kwa siku kadhaa, kisha akamwita mwendeshaji mwingine. Lakini njia nzima kutoka Garsen hakuzungumza, maana kuna jambo lilitokea mlimani ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Miaka tisa alikuwa akichora volkano ubaoni kwa chaki nyekundu, akiwafundisha watoto ambao kilima kirefu walichowahi kukipanda ni kichuguu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Likizo hii aliamua kwenda Oldonyo Lengai, mlima wa Tanzania ambao moto wake haujazima. Alikwenda peke yake, safari ya siku chache ya kujibana: mabasi ya usiku, hema la kuazima, samaki mkavu na unga wake mwenyewe ndani ya mkoba. Hudson, mumewe, hakupinga. "Nenda," alimwambia. "Usije ukazeeka ukinilaumu." Akambebea mkoba mpaka barabarani, na jambo hilo lilimpa Rosina nguvu kwenye kila kilomita.

Kiongozi wake mlimani alikuwa Mmaasai mtu mzima, jina lake Lesikari. Walianza kupanda usiku wa manane kama wapandaji wote, kwa sababu ya jua, wakipanda kwa miguu na mikono juu ya majivu yaliyoporomoka kila walipokanyaga. Alfajiri walifika ukingoni. Chini, ndani ya shimo la kreta, uji mweusi kama oili chafu ulikuwa ukichemka na kurukaruka, na pale ulipopoa uligeuka mweupe kama chokaa. Harufu ya kiberiti ilikwaruza koo. Rosina alilia kwa furaha.

Ndipo akaitwa.

"Rosina!"

Ilikuwa sauti ya Hudson, ile ya uchovu anayoitumia akitoka shambani na kutaka maji. Ilitoka chini, kwenye moto. Na Rosina, kwa mazoea ya mke, kabla hata hajafikiri, aliitikia, "Abee!"

Lesikari alimshika bega. "Umemwitikia nani?"

"Nimemsikia mume wangu."

"Mama," Lesikari alisema polepole, "humo ndani hamna mume wa mtu. Tushuke."

Walishuka. Katikati ya mteremko Lesikari alisimama ghafla. Mbele yao, juu ya majivu ambayo upepo ulikuwa umeyalainisha usiku kucha, kulikuwa na nyayo zikishuka, nyayo za viatu vya Rosina, hata kile kiraka cha soli ya kushoto kikionekana wazi. Zilikuwa zimeachana mno, kama za mtu anayekimbia kuwahi mahali.

Sasa pikipiki ilimshusha Hewani, na kabla hajalifikia boma lake alisikia wimbo wa kanisani ukiimbwa jikoni, ukiimbwa kwa sauti yake yeye. Kulikuwa na harufu ya samaki wa nazi, na chini ya harufu hiyo, harufu ya kreta. Alikaribia taratibu. Kupitia mlango ulio wazi alimwona mwanamke aliyempa mgongo, amejifunga leso yake, ana mabega yake, ameinamisha shingo upande wa kulia kama yeye ainamishavyo akipika, naye alikuwa akikoroga sufuria inayotokota, mapovu yakipanda na kupasuka, lakini mkononi hakuwa na mwiko wala upawa, alikuwa akikoroga kwa mkono wake mtupu, umezama mpaka juu ya kifundo, akiimba.

Mtu alimvuta Rosina nyuma ya migomba. Alikuwa Hudson.

"Shh. Asikusikie."

"Hudson, nani yule?"

"Rosina, nakuomba. Nenda kwa Metrine. Joy yuko huko. Nenda tu."

"Nani yule ndani ya nyumba yangu?"

"Nenda, Rosina."

Alikwenda. Metrine alikuwa dada yake Hudson, nyumba yake hatua chache tu kutoka pale. Joy, binti yao wa miaka sita, alikuja mbio, akasimama, akanusa shingo ya mama yake, halafu akamrukia.

"Huyu ndiye," akamwambia shangazi yake. "Yule ananuka mawe."

Metrine alifunga mlango kabla ya kusema. Tangu yule mwingine afike, alinong'ona, hajaonekana amelala wala amekaa. Shamba lote la mahindi alilipalilia jioni moja, na kila alipokanyaga, majani yalibabuka. Mtoto alikataa kulala mle ndani. Wazee wa kanisa walikuja kuomba. Yule mwingine ndiye aliyesema amina kwa sauti kuliko wote, kisha akawamiminia chai inayofuka kutoka kwenye birika ambalo hakuna aliyeliona likiwekwa motoni. Hakuna aliyeinywa.

"Na kaka yako anasema nini?"

Metrine aliangalia chini. "Anakula anachopikiwa na yule."

Siku hiyohiyo Metrine alimpigia simu Bi Zamzam wa Kipini, mwanamke anayejulikana pwani yote ile kwa kutoa majini. Alifika kesho yake adhuhuri, mkoba kwapani, hana haraka. Akaagiza makaa, akayatia ubani, akawasimamisha Rosina na yule mwingine uani, Hudson mbele yao, Metrine na mtoto kando.

"Ndoo, mwanangu," alimwambia Rosina kwa lahaja ya kwao, akimpungia mkono aje. "Siogope. Simama hapa."

Rosina alisimama, na kwa mara ya kwanza akajiangalia uso kwa uso, akaona kovu lake la kidevuni, meno yake, ule uchovu wa chini ya macho ambao hata yeye hakujua kuwa watu wanauona, na yule mwingine akaanza kusema, kwa machozi, akataja siku ya harusi na mvua iliyowanyea, akataja usiku Joy alipozaliwa na jina la mkunga, akataja maneno ambayo Rosina alimnong'oneza mumewe siku mama yake Hudson alipozikwa, na aliyasema vizuri kuliko Rosina mwenyewe angeweza kuyasema, huku moshi wa ubani ukijipinda na kumpita bila kumgusa, na mchanga chini ya miguu yake ukitoa sauti ndogo kama mafuta yanayoanza kupata moto.

Bi Zamzam aliinua mkono. "Maneno basi. Jini likivaa sura ya mtu hulivui kwa maneno." Akamgeukia Hudson. "Jini haliingii nyumba ya watu mpaka likaribishwe. Nani aliyelikaribisha?"

Hudson aliyatazama makaa. Jasho lilimtiririka.

"Baba Joy," Rosina alisema, "mwambie limekudanganya. Mtu yeyote angedanganyika."

"Alisimama hapo mlangoni," Hudson alisema hatimaye, sauti ikiwa chini sana. "Mchana. Akasema, nikaribishe. Mke wangu haombi ruhusa kuingia kwake. Nikajua si yeye."

"Ukafanyaje?" aliuliza Bi Zamzam.

"Nikamuuliza kama atakaa. Akasema hataondoka hata siku moja." Akajifuta uso. "Nikamwambia karibu."

Rosina alimsogelea. "Si ulinibebea mkoba mpaka barabarani?"

"Watu walikuwa wanatazama," alisema Hudson.

Bi Zamzam alitupia ubani mwingine. "Bado hujachelewa. Aliyefungua ndiye mwenye kufunga. Mshike mkeo mkono, useme, huyu ndiye. Likisikia hayo halina pa kukaa. Kama hapana, mimi siwezi kitu."

Hudson alimtazama Rosina, machoni hasa, kama alivyomtazama siku ya kumposa, na Rosina alinyoosha mkono wake uliochubuliwa na mawe ya mlima, akangoja.

Hudson akamshika yule mwingine.

Harufu ya nyama inayoungua ilienea uani. Alikunja uso kwa maumivu, machozi yakamtoka, lakini hakuachia. "Huyu ndiye," alisema.

Yule mwingine alitabasamu na kumfuta machozi kwa leso.

Bi Zamzam alimwaga makaa mchangani, akaufunga mkoba wake. "Nimetoa mengi," alimwambia Metrine. "Linalopendwa sijalitoa."

Rosina hakupiga kelele. Hakuingia ndani kuchukua hata nguo. Alimshika Joy mkono, wakatoka kwenye jua kali wakielekea barabara ya Garsen, na nyuma yao sauti yake mwenyewe ikawaaga kwa upole, "Safari njema!"

Walitembea mpaka migomba ikaisha. Joy aliinua uso.

"Mama, kwani baba hakukujua?"

"Alinijua," alisema Rosina.